Shingo kuwa nyeusi ghafla: niliyoyaona kwa mama

Mkuu, umeuliza kama shingo iliyogeuka nyeusi na nene ndani ya miezi mitatu inaweza kuwa saratani iliyojificha. Kwanza tulia. Mara nyingi sana siyo. Ni mwili kushindwa kuitumia vizuri insulini, homoni inayodhibiti sukari kwenye damu, hasa kwa mwenye uzito mkubwa, na hiyo huja polepole. Ya kutilia shaka ni ile inayomvamia mtu mzima kwa kasi huku anakonda tu. Ikifika mpaka midomoni, na viganja vikawa na mikunjo minene kama utumbo wa ng'ombe, madaktari huanza kuchungulia tumbo, maana saratani ya tumbo ndiyo inayoongoza hapo.

Kwa mama yangu haikuwa shingo, yalikuwa macho. Kope za juu zilivimba zikawa za zambarau, tukadhani analia usiku anatuficha. Kisha vikaja vinundu vyekundu juu ya vifundo vya vidole. Tukaambiwa mzio. Tyubu tatu za krimu ziliisha, na ya tatu niliing'ang'ania mimi.

Daktari wa nne hakuanza na ngozi. Alimwambia, "Mama, simama bila kushika kiti." Akajaribu mara mbili, akaishia kushika ukingo wa meza. Hapo nikakumbuka: wiki kadhaa alikuwa ananiita nimchane nywele, eti mikono imechoka.

Ugonjwa unaitwa damatomayositisi. Kinga ya mwili inageuka na kushambulia misuli na ngozi. Wengi walio nao hawana saratani, ila kwa mtu mzima lazima itafutwe, na mwaka wa kwanza ndio wa hatari zaidi. Akapimwa damu, ultrasaundi, kisha CT, ile mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili. Uvimbe wa saratani ulikuwa kwenye ovari, yaani kifuko cha mayai ya uzazi, na hajawahi kulalamikia tumbo hata siku moja! Baada ya upasuaji na dawa za saratani, nguvu za mikono zilirudi kabla nywele hazijaota.

Kuwashwa mwili mzima bila kipele, pamoja na jasho la usiku linalolowesha shuka, nako msikupuuze. Limfoma, saratani ya mfumo wa tezi za kinga, huweza kuanza hivyo.

Wewe nenda kapime sukari, beba picha zako za mwaka jana zinazoonyesha shingo, na uandike kabisa tarehe ulipoona mabadiliko. Sisi tulipoulizwa ilianza lini, kila mtu alitaja mwezi wake.