Nimelipa PAYE, mbona programu bado inanidai?

Swali: Habari za kazi, mhasibu. Nina duka la vifaa vya ujenzi Mwanza, vijana watatu, kila mmoja mshahara wa 800,000. PAYE, kodi inayokatwa kwenye mishahara yao, nalipa kila mwezi kabla ya tarehe 7, risiti zote ninazo. Leo tarehe 12 Aprili programu yangu ya uhasibu inaonyesha nadaiwa 540,000 tangu mwaka uanze. Nilipe tena?

Jibu: Usilipe kitu, dada. Kama risiti zako ni za PAYE ya Januari hadi Machi, anayekudai si TRA, mamlaka ya mapato, ni daftari lako mwenyewe.

Tazama hesabu. Kwenye 800,000 unatoa kwanza asilimia 10 ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) ya mfanyakazi, inabaki 720,000. Kodi yake ni 20,000, ukijumlisha asilimia 20 ya kinachozidi 520,000, yaani 40,000. Kijana mmoja 60,000, watatu 180,000, miezi mitatu 540,000. Shilingi kwa shilingi! Kwa hiyo programu imekokotoa vizuri, ila haijaona hata muamala mmoja wa malipo.

Malipo yalikopotelea napajua, maana daftari la namna hii naletewa mara kwa mara. Pesa ilipotoka benki ukaulizwa iende akaunti gani, ukachagua gharama za kodi. Si umelipa kodi? Lakini PAYE ni pesa ya mfanyakazi, wewe umeishika tu ukaipeleka. Gharama yako ni ule mshahara wa 800,000, nao uliingia wote kwenye matumizi siku ulipoandaa mishahara. Ukiiandika PAYE tena huko, matumizi yanavimba kwa 540,000 na faida inapungua kwa kiasi hicho hicho. Mwisho wa mwaka utapeleka TRA ritani, yaani taarifa yako ya kodi, yenye faida pungufu. Hilo linanitia wasiwasi kuliko deni lenyewe.

Fungua ile akaunti ya gharama, ingia kwenye kila muamala wa PAYE, ubadilishe akaunti tu: itoke gharama, iwe deni la PAYE. Tarehe, kiasi na benki usiviguse, maana huenda miezi hiyo umeshaioanisha na taarifa ya benki. Kuna watakaokwambia piga jarida moja la 540,000, yaani ingizo moja la kurekebisha hesabu zote kwa pamoja, umalize. Namba zitakaa sawa, ndiyo, lakini mkaguzi akiuliza malipo ya Februari yako wapi, utahangaika kumwonyesha.

Angalia pia kama uliiamuru programu ipange miamala ya TRA yenyewe. Amri hiyo ikibaki, Mei utaniandikia tena.

Ukimaliza, deni lisome sifuri. Mishahara ya Aprili ikiandaliwa litapanda kuwa 180,000, na hilo ni deni la kweli mpaka ulipe, mwisho Mei 7. SDL, tozo ya kuendeleza ujuzi, isikusumbue, inaanzia wafanyakazi 10. NSSF ndiyo uikague kwa jicho hilo hilo: ile asilimia 10 ya mfanyakazi nayo si gharama yako.