Miaka sita ya "mwakani nitaanza"

Kwa miaka sita nilikuwa mwandishi wa riwaya isiyokuwa na hata sura moja. Jina la kitabu nilikuwa nalo. Jalada nilishalichora kichwani. Rafiki zangu walikijua kisa chote, maana kila tulipokutana niliwasimulia. Wananisikiliza, wananisifu, narudi nyumbani moyo umejaa kama mtu aliyeshinda kazini. Kisha nalala.

Siku moja rafiki mmoja, nadhani alishanichoka, akaniuliza: "Sasa tutaisoma lini?" Nilinuna siku mbili. Ya tatu nikakubali kwamba hakunionea.

Baadaye nilikutana na utafiti wa mwanasaikolojia Gabriele Oettingen, nikajiona mle ndani. Mwaka 1991 yeye na Thomas Wadden walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanawake waliokuwa kwenye mpango wa kupunguza uzito. Waliotarajia kufanikiwa walipungua zaidi, na hilo halishangazi. Lakini waliojichorea picha tamu, kila kitu kikienda kwa ulaini, walipungua kidogo kuliko waliowazia safari yenye mabonde. Kumbe kutarajia ni jambo moja na njozi ni jambo lingine. Njozi nilikuwa nazo tele. Nilipojiuliza kwa dhati kama naamini nitamaliza, jibu lilikuwa hapana.

Nikachukua karatasi niandike kinachonizuia. Nilidhani nitaandika "muda". Nikajikuta nimeandika: "Nikianza itajulikana kwamba sijui kuandika." Niliitazama sentensi ile kwa muda mrefu. Nahisi wengi wetu tunaolalamikia muda tuna hofu ya namna hiyo imejificha nyuma yake, nayo haiondoki kwa kujipa moyo mbele ya kioo. (Nilijaribu. Niliishia kujicheka.)

Kilichonisogeza ni ahadi ndogo, karibu ya kutia aibu: nikishapiga mswaki asubuhi, naketi naandika sentensi tatu, hata kama ni mbovu. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer amechunguza sana mipango ya "ikitokea hivi, nitafanya vile", na imeonekana kuwasaidia watu kutekeleza walichonuia kuliko nia tupu. Kwangu faida ilikuwa kwamba sikuanza tena asubuhi kwa kubishana na nafsi kama nina hamu au sina. Mswaki ulishaamua.

Zipo siku nilizoruka. Zamani siku moja ikiniponyoka nilikuwa naitupa mipango yote, nasubiri mwaka mpya. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga mazoea mapya, wakaona kuwa kukosa mara moja hakukuvuruga mazoea yenyewe. Muda wa kuzoea nao ulitofautiana mno: kwa makadirio yao, kuanzia siku 18 hadi 254. Kwa hiyo anayekuapia kwamba siku 21 zinatosha, mwache na siku zake.

Matumaini yalikuja yakiwa yamechelewa. Karibu na ukurasa wa 40 niligundua kwamba nimeacha kusema "kama nitamaliza" na nimeanza kusema "nikimaliza". Hakuna aliyenitia moyo wiki ile. Kurasa zilikuwa pale mezani, nazihesabu. Ndiyo maana anayeniambia kwamba anasubiri kwanza ajisikie yuko tayari, namwomba aanze hivyo hivyo akiwa na mashaka yake, ila aanze na kitu kidogo kiasi kwamba mashaka hayapati pa kukamatia.

Nimepunguza pia kusimulia. Nikiulizwa, najibu "bado naandika," nabadilisha mazungumzo. Hili si la kila mtu. Wapo ambao wasipoulizwa hawafanyi.

Rasimu ilikwisha baada ya miezi 14. Ina matundu mengi, na kuna mhusika anayetoka kwenda kuchota maji sura ya nne asirudi tena. Nimempa yule rafiki aliyeniuliza lini. Amefika sura ya tatu.