Anahesabu hadi mia, ila 3 + 2 inamliza

Dada, nimekuelewa: mtoto ana miaka 5, anataja namba hadi 100 bila kukosea, lakini karatasi ya hesabu ya chekechea ikitoka kwenye begi, machozi. Kutaja namba ni jambo moja, kujua idadi ni jingine. Weka karatasi kando kwanza.

Chukua maharage 5. Ayahesabu kwa kuligusa kila moja, kisha umuulize, "Yako mangapi?" Akianza kuhesabu upya badala ya kusema matano, hapo ndipo pa kukaa kwa siku kadhaa. Akishazoea, funika mawili kwa kikombe: mangapi yamejificha? Mimi zoezi hili nalipenda kuliko yote, maana anajifunza kutoa bila kuona alama yoyote.

Ukirudi kutoka soko la Mbuyuni, panga ndizi, parachichi, chungwa na kijiko. Kipi si mwenzao? Mdai sababu. Akichagua chungwa kwa kuwa ndilo la mviringo, amepata pia. Vifuniko vya soda vinatosha kwa mpangilio: nyekundu, bluu, nyekundu, kinafuata kipi?

Ukipanga safu mbili za maharage zenye idadi sawa, kisha ukatandaza moja iwe ndefu akadai ina mengi zaidi, usimgombeze. Wengi huona hivyo hadi miaka 6 au 7.

Dakika 10 zinatosha. Tuisheni ya jioni kwa umri huu, mimi sishauri. Maharage yasimfikie mdogo wake, yanaingia puani. Akisogeza vitu karibu sana na macho, au haitiki akiitwa, ongea na mwalimu na umpeleke apimwe. Hospitali ya KCMC, Moshi, wana kliniki ya macho.