Tuambieni mapema kwamba ndege imechelewa

Mhariri, juma hili mmetuuliza wasomaji ni jambo gani linaloudhi zaidi katika usafiri wa ndege siku hizi, na lingerekebishwaje. Langu ni moja. Kuchelewa kwenyewe naweza kukustahimili. Nisichokistahimili ni abiria kufichwa kwamba ndege yake imechelewa, hali wenye ndege wanajua tangu asubuhi.

Mimi ni nahodha wa boti hapa Lamu. Uwanja wetu wa ndege hauko kisiwa cha Lamu, uko Manda, ng'ambo ya maji, kwa hiyo kila apandaye ndege lazima kwanza apande chombo. Mgeni aliyefikia Shela, mwalimu anayekwenda likizo, mgonjwa aliyeandikiwa barua ya rufaa hospitali ya King Fahd, wote hupita kwetu sisi watu wa boti. Tunawavusha wakiwa na haraka, na siku ndege isipokuja tunawarudisha wakiwa hoi. Mambo haya nayajua kwa upande wa gati, na pia kwa upande wa abiria, maana na mimi nina wazee na nina safari zangu.

Kwanza nitoe haki ya marubani na mafundi. Injini ikiwa na hitilafu, au mawingu yakiwa mazito, hakuna mwenye akili anayetaka ndege irushwe hivyo hivyo. Sisi baharini tunalijua hilo. Kusi likivuma kwa nguvu hatutoki, na abiria akilalamika tunamwacha alalamike. Ndege ndogo zinazotuhudumia hufanya kazi kama matatu: ile ile iliyotoka Nairobi alfajiri kwenda kwingine ndiyo itakayogeuzwa ije Malindi, kisha Lamu, kisha irudi Nairobi ikachukue wengine. Kuanzia Juni hadi Agosti mawingu huinama asubuhi juu ya Nairobi, na safari ya kwanza ikisogea saa moja, zote zinazofuata husogea nayo. Ikifika alasiri, ndege ya Lamu inabeba ucheleweshaji wa watu ambao hatujawahi kuwaona. Ongeza kwamba rubani ana saa za kazi zilizowekewa mipaka na sheria, na akizifikisha lazima apumzike au apatikane mwingine. Ongeza pia uzito: uwanja wa Wilson kule Nairobi uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ya huko ni nyepesi, na ndege iliyojaa huhitaji masafa marefu zaidi kunyanyuka. Ndiyo maana siku nyingine unafika wewe, na begi lako linafuata kesho.

Yote hayo nayakubali. Lakini mnyororo huo huo ndio unaonifanya nisikubali neno «hatujui». Kama ndege yangu ya saa tisa mchana ndiyo ile iliyoondoka Nairobi saa moja na nusu badala ya saa kumi na mbili asubuhi, basi kuna mtu ofisini aliyejua tangu nikiwa kwenye chai kwamba sitaondoka saa tisa. Huenda hakujua nitaondoka saa ngapi hasa. Kwamba si saa tisa, hilo alilijua.

Na sisi maskini wa boti twajua! Tuna kundi letu la simu. Ndugu yangu yuko Malindi. Ndege ikiruka pale hunitumia neno moja tu, «imetoka», nami najua nina muda wa nusu saa hivi, nawasha mashine. Vijana wetu wanatazama kwenye simu ramani inayoonyesha ndege zilizoko angani, wanaona kabisa kwamba ile tunayoingoja bado haijaondoka Nairobi. Nimewahi kusimama gatini Manda nikijua hivyo, huku ndani abiria wanaambiwa ndege iko njiani na wakae karibu na mlango. Mzee mmoja alitaka kwenda kuswali adhuhuri akaogopa kuachwa. Aliiswali alasiri imeshakaribia, na ndege ilikuwa bado.

Labda msomaji wa Nairobi atasema, saa mbili tatu si kitu, kaa unywe kahawa. Mtu wa bara akichelewa hupanga teksi upya, akafika. Huku kwetu saa mbili zina maana nyingine, kwa sababu baada ya ndege kuna maji. Anayetoka mji wa Pate, kwenye kisiwa cha jirani, hufuata maji; mji ule chombo hakiufikii maji yakipwa, mpaka yajae tena. Mtu aliyepanga ndege yake ilingane na maji kujaa, akishuka Manda maji yameshatoka, hana nyumbani usiku ule. Atalala Amu, yaani mji wa Lamu, kwa jamaa kama anao, na kama hana atatafuta chumba cha kulipia, pamoja na watoto. Pia ndege zetu hupangwa za mchana. Jua likielekea magharibi, kuchelewa hugeuka kuwa kufutwa, na hapo ndipo tunapoitwa sisi tukawachukue. Wapo wanaosema basi pandeni basi. Barabara ya Garsen sasa ina lami, tunashukuru, lakini kwa miaka mingi mabasi yamekuwa yakipita mchana tu, tena kwa kusindikizwa na askari kwa sababu za usalama. Aliyeambiwa saa kumi jioni kwamba ndege haipo, basi la siku hiyo limeshampita.

Nitaeleza la nyumbani kwangu, kwa sababu ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mama yangu ana kisukari. Alipangiwa kuonana na daktari Nairobi asubuhi ya siku fulani, nasi tukakata tiketi ya mchana wa siku iliyotangulia. Tukavuka mapema kama tulivyoagizwa. Saa ya kuondoka ikafika, tukaambiwa dakika arubaini. Zikapita, tukaambiwa iko njiani. Mtu wa kisukari hawezi kushinda kwa biskuti na soda. Dawa yake inafuata chakula chake, na chakula chake kilikuwa nyumbani, ng'ambo. Nikauliza dirishani, kwa adabu: mwanangu, niambie kweli, nina nafasi ya kumrudisha mama akala, akapumzika, tukarudi? Kijana akanijibu kwamba hawezi kunishauri kuondoka uwanjani, kwa sababu ndege inaweza kufika wakati wowote. Magharibi ilikaribia ndipo tukaambiwa hakuna ndege leo. Mama aliteremka kwenye boti yangu mikono inamtetemeka. Nafasi ya daktari ikapotea, akapangiwa nyingine ya mbali.

Simlaumu yule kijana. Alikuwa akisema alichoagizwa, na uso wake ulionyesha haya. Aliyemwagiza alikuwa na hesabu yake: abiria wakijua ukweli watatawanyika, na ndege ikija itawangoja. Kwa hiyo wanazuiwa pale kwa neno «wakati wowote». Hapo ndipo ninapoumia. Muda wa mama yangu na afya yake vilitumiwa ili ndege isipoteze dakika kumi za kukusanya watu.

Watu wetu wana jibu la haraka kwa kila jambo la namna hii: subira yavuta heri. Nami nimelelewa kwa subira. Lakini aliyeketi gizani bila kujua anasubiri nini, kwa muda gani, hiyo si subira aliyoichagua. Nipe saa ya kweli nami nitasubiri vizuri kuliko mtu yeyote: nitamlaza mama, nitampigia simu daktari, nitamwambia jamaa wa Nairobi asije uwanjani.

Angalieni siku ya tarehe 11 Septemba 2024, wafanyakazi wa viwanja vya ndege walipogoma pale Jomo Kenyatta wakipinga mpango wa kuukabidhi uwanja kwa kampuni ya Adani ya India. Ilikuwa shida kubwa, watu walijaa nje ya milango na mizigo yao. Lakini habari ilikuwa redioni tangu alfajiri. Aliyekuwa bado nyumbani alijua na akaamua: aende, asiende, ampigie nani. Usumbufu ulikuwa mkubwa kuliko wa ndege yetu moja kuchelewa, ila mtu alikuwa na la kufanya.

Liko na la wale wanaounganisha safari. Vijana wetu wanakwenda kazini Ghuba, wazee wanakwenda umra. Wanashuka Wilson, kisha wavuke jiji lote na foleni zake mpaka Jomo Kenyatta, kwa tiketi mbili za kampuni mbili zisizojuana. Ya kwanza ikichelewa, ya pili haina habari naye, na pesa za tiketi ya Jedda zimekwenda. Huyo angeambiwa saa tatu asubuhi kwamba ndege ya mchana ina matatizo, angepata nafasi ya kutafuta ndege ya kampuni nyingine. Akiambiwa saa tisa, hakuna dawa.

Kuhusu marekebisho, hatuhitaji kubuni kitu. Umoja wa Ulaya una kanuni nambari 261 ya mwaka 2004, inayotumika tangu Februari 2005. Kwa safari isiyozidi kilomita 1,500, ikitarajiwa kuchelewa kuondoka saa mbili au zaidi, abiria hupewa chakula, kinywaji na nafasi ya kupiga simu bila malipo, hata kama chanzo ni mvua. Ikibidi kulala, hupewa hoteli na usafiri wa kufika hotelini. Na tangu uamuzi wa mahakama yao wa Novemba 2009, anayefika akiwa amechelewa saa tatu au zaidi aweza kudai fidia, kuanzia euro 250, isipokuwa kama sababu ilikuwa nje ya uwezo wa kampuni. Lamu mpaka Nairobi kwa anga ni kama kilomita 450 tu. Wageni wa Kitaliano wanaokuja kutoka Malindi huniuliza kwa mshangao mbona hakuna anayedai chochote.

Sisi tuna nini? Kenya imejiunga na Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao kifungu chake cha 19 kinasema msafirishaji atawajibika kwa hasara iliyoletwa na kuchelewa, asipothibitisha kwamba alichukua kila hatua ipasayo kuizuia. Lakini huo ni wa safari za kimataifa. Kwa safari za humu ndani, Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora unaofaa, haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi huduma hiyo, na haki ya fidia akipata hasara. Habari anazohitaji: imeandikwa. Naomba Mamlaka ya Usafiri wa Anga iyageuze maneno hayo kuwa amri inayohesabika kwa saa, ili kampuni inayojua saa mbili asubuhi isinyamaze mpaka saa tisa.

Ujumbe wa simu kwa kila abiria, ndege inapochelewa kuondoka kituo chake cha kwanza cha siku, useme imetoka saa ngapi na inatarajiwa lini. Mtu mmoja wa kampuni akae gati la Amu, kabla watu hawajavuka, mwenye ruhusa ya kuwaambia rudini nyumbani mje saa kumi. Wagonjwa na wazee waulizwe kwanza wanahitaji nini. Na ndege ikifutwa abiria wakiwa wameshafika Manda, nauli ya boti ya kurudi isitoke mfukoni mwao. Ulaya hulipiwa gari la kwenda hotelini. Huku gari letu ni boti, na risiti tutawaandikia.