Maswali ya Wasomaji: Safari ya Pwani ya Magharibi ya Marekani

SWALI: Asalaam aleikum. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Langoni, Lamu. Ndugu yangu anaoa huko Seattle mwanzoni mwa Agosti, na baada ya harusi mimi, mume wangu na binti yetu wa miaka 12 tutabakiwa na siku 12 za kutembea. Tumeorodhesha Portland, San Francisco, hifadhi ya Yosemite, Los Angeles, Las Vegas na San Diego, kisha turudi Seattle kupanda ndege, kwa kuwa tiketi tuliyoonyeshwa ni ya kwenda na kurudi. Mume wangu anataka kukodi gari kwa safari nzima, ingawa tangu apate leseni Mombasa hajaendesha mara nyingi, na humu mjini kwetu, kama mjuavyo, kipando ni punda. Je, mpango huu unawezekana?

JIBU: Waaleikum salaam, Bi Mwalimu, na Mungu awatilie baraka maharusi. Mpango wenu unawezekana kwa mtu anayetaka kuiona barabara. Anayetaka kuiona miji itambidi aupunguze, na kwa ruhusa yako nitaupunguza bila huruma.

Tuanze na masafa, maana ramani ya Marekani hudanganya kwa ukubwa wake. Kutoka Seattle hadi San Diego kwa barabara kuu ni takriban kilomita 2,000, yaani zaidi ya mara nne ya mwendo wa Mombasa hadi Nairobi, na nyinyi mmepanga kwenda na kurudi, tena mkikata kuingia bara mara mbili. Wengi wetu tunapopanga safari huhesabu miji. Mimi huhesabu usiku, kwa sababu kila mji mnaoulalia usiku mmoja tu hula nusu siku ya kufunga mizigo na nusu siku nyingine ya kutafuta mahali pa kulala, na mtoto wa miaka 12 atakumbuka mabegi kuliko madaraja. Mna usiku 12, na kwangu huo unatosha miji miwili mikubwa na kipande kimoja cha barabara kinachostahili kuendeshwa polepole.

Kwa hiyo jambo la kwanza, kabla ya lolote, ni tiketi. Mwambieni wakala awatafutie tiketi ya kuingilia Seattle na kutokea Los Angeles. Tiketi ya namna hiyo ni ya kawaida, na mara nyingi bei yake haipishani sana na ile ya kwenda na kurudi mahali pamoja, hasa mkiondoa gharama ya kurudi kaskazini kilomita zaidi ya 1,800 kwa ajili ya ndege tu. Lakini msilipie tiketi isiyorudishwa fedha kabla viza hazijatoka. Kila mmoja wenu, binti akiwemo, hujaziwa fomu yake, na mahojiano hufanyika katika ubalozi wa Marekani ulioko Gigiri, Nairobi. Foleni ya kupata tarehe yaweza kuwa ndefu, kwa hiyo anzeni miezi mingi kabla, na mwende na barua ya mwajiri wako pamoja na mwaliko wa harusi.

Las Vegas iondoeni. Haiko pwani, ipo jangwani zaidi ya kilomita 400 kutoka Los Angeles, na Agosti joto lake la mchana huvuka nyuzi 40. Yosemite nayo naiondoa, ila hii kwa shingo upande, kwa maana majabali yake ni ya ajabu. Ni mwendo wa takriban saa nne kutoka San Francisco, yahitaji usiku mbili kuifaidi, na yale maporomoko ya maji yanayopigwa picha hulishwa na theluji inayoyeyuka, kwa hiyo ifikapo Agosti Yosemite Falls mara nyingi huwa yamekauka au yamebaki uzi tu. Mkitaka miti mikubwa, nendeni Muir Woods, ng'ambo ya kaskazini ya San Francisco, ambako miti ya redwood hupita kimo cha mita 70. Huko huwezi kufika tu na gari. Nafasi ya maegesho au ya basi la hifadhi huwekwa mapema.

Portland mtaiona dirishani, kwa sababu kutoka Seattle nawashauri mpande treni. Treni iitwayo Coast Starlight, ya kampuni ya Amtrak, hutoka Seattle asubuhi na kufika Los Angeles usiku wa siku ya pili, mwendo wa takriban saa 35 na kilomita 2,200. Nyinyi mtashukia Emeryville, asubuhi ya pili, na hapo basi la Amtrak huwavusha ghuba hadi San Francisco. Kaeni upande wa kulia mnapoondoka, mpate kuyaona maji ya Puget Sound. Alasiri mtapita Portland, na kabla ya Magharibi treni hupanda milima ya Cascade katikati ya misitu. Viti vya kawaida ni vipana na huegemeka, ila vyumba vya kulala, vyenye bei kubwa, huja na chakula. Nawaonya jambo moja: sehemu kubwa ya reli hiyo ni mali ya kampuni za treni za mizigo, na treni ya abiria husubirishwa, hivyo kuchelewa kwa saa kadhaa si ajabu. Siku ya kufika msipange jambo lenye saa maalumu. Mimi nilipanga, nikalipia tiketi ya chombo ambacho nilikitazama kikiondoka nikiwa ningali ndani ya behewa.

San Francisco ipeni usiku 4 na msikodi gari mkiwa humo. Mji umejengwa juu ya vilima, maegesho ni ghali, na wezi wa kuvunja vioo vya magari ya wageni wana sifa mbaya. Tembeeni kwa miguu, kwa basi, na kwa zile tramu za kamba zilizoanza mwaka 1873. Binti yako atapenda kujua zinavyoenda: tramu yenyewe haina injini. Chini ya barabara kuna kamba ya chuma isiyokoma kutembea, kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, na dereva huishika kwa koleo kubwa akitaka kwenda na kuiachia akitaka kusimama. Mwisho wa njia ya Powell, wafanyakazi huigeuza tramu kwa mikono juu ya sahani ya mbao, kama mabaharia wanavyogeuza foromali. Daraja la Golden Gate, lililofunguliwa mwaka 1937 likiwa na urefu wa mita 1,280 kati ya minara yake miwili, huvukwa kwa miguu bila malipo. Vaeni kitu kizito, maana kuna baridi na ukungu. Kisiwa cha Alcatraz, kilichokuwa gereza la serikali kuu kuanzia 1934 hadi 1963, hufikiwa kwa boti za kutoka Pier 33, na tiketi za Agosti huisha wiki kadhaa kabla. Hiyo ndiyo tiketi ya pekee ya mji huo nitakayowahimiza mnunue mkiwa bado Lamu.

Sasa gari. Likodini asubuhi mnayoondoka San Francisco na kulirudisha Los Angeles, mkijua kwamba kuacha gari mji mwingine huongezwa ada. Leseni ya Kenya hukubaliwa kwa mgeni California, lakini kampuni nyingi hutaka kadi ya mkopo yenye jina la dereva ili zishikilie dhamana, na hapa ndipo Wakenya wengi hukwama kaunta. Mume wako ajue kwamba kule gari hupita kulia. Ajue pia kwamba taa nyekundu humruhusu kukata kulia baada ya kusimama kabisa, isipokuwa pale penye kibao cha kukataza, na wa nyuma yake watampigia honi asipofanya hivyo. Kwa kuwa hajazoea, siku ya kwanza aendeshe saa mbili tu, hadi Monterey.

Na ni kwa sababu ya kupita kulia ndiyo nawataka mtoke kaskazini kwenda kusini. Mkishuka kwa barabara ya Highway 1, upande wenu ndio wa bahari: hakuna gari linalowakinga mandhari, na vituo vya kusimama kupiga picha mnaviingia bila kukata mbele ya wanaokuja. Mkipanda kutoka kusini, bahari iko ng'ambo ya njia. Watu hutumia fedha nyingi kufika pale, kisha wakaitazama bahari kupitia paa za magari ya wenzao.

Monterey laleni usiku mmoja. Mtaa wake wa Cannery Row ulikuwa wa viwanda vya kusindika dagaa, na katika eneo la kiwanda kimoja ndipo lilipojengwa jumba la viumbe vya baharini, lililofunguliwa mwaka 1984, lenye msitu mzima wa mwani unaokua ndani ya tangi la kioo. Nje yake, baharini, mtaona fisi-maji wakielea chali na kuvunja chaza kwa jiwe waliloliweka kifuani. Siku ya pili ingieni Big Sur: daraja la Bixby la mwaka 1932, magenge yanayotumbukia baharini, na maporomoko ya McWay yanayomwagikia mchangani. Jazeni mafuta kabla ya kuingia, kwa sababu humo bei yake ni ya kupora, na simu hupoteza mtandao. Laleni Cambria, na njiani, karibu na San Simeon, simameni Piedras Blancas muwaone sili wakubwa wenye pua za mkonga wamelala ufuoni.

Lakini angalieni hali ya barabara wiki moja kabla na tena asubuhi ya kuondoka, kwenye tovuti ya idara ya barabara ya California. Mlima ule huporomoka. Mei 2017 kilima kizima kilishuka mahali paitwapo Mud Creek, na barabara haikufunguliwa hadi Julai 2018. Ikifungwa, nendeni kutoka Monterey hadi pale ilipofungwa, mgeuze, kisha mzunguke kwa barabara ya 101. Mtapoteza nusu siku, si safari.

Usiku 5 unaobaki ni wa Los Angeles. Mji huo ni mpana kupita kiasi, basi chagueni mtaa mmoja wa kulala ulio karibu na reli ya mjini. Kituo cha kutazama nyota cha Griffith Observatory na jumba la sanaa la Getty Center hazina kiingilio, na zote mbili zipo vilimani, hivyo mtauona mji ulivyotandazwa. San Diego iwe safari ya siku moja kwa treni ya Pacific Surfliner, takriban saa tatu kwenda na tatu kurudi, kwa sehemu nzuri ikipita kando kabisa ya maji, na huko binti yako achague kati ya bustani ya wanyama na bandari. Vyote viwili havitoshei.

SWALI: Mimi ni kijana wa Malindi, kazi yangu ni kutembeza wageni. Nimealikwa San Francisco mwezi wa Julai, na watalii wangu huniambia California ni jua tupu. Je, nibebe nguo za pwani pekee?

JIBU: Ukifanya hivyo, la kwanza utakalolinunua huko ni sweta, nawe hutakuwa wa kwanza. Watalii wako hawakusema uongo. Walikuwa wakisema habari za kusini. Mbele ya San Francisco hupita mkondo wa bahari utokao kaskazini ukiwa na maji baridi, na upepo wa kiangazi husukuma maji ya juu kwenda mbali na nchi, yakapanda mengine kutoka vilindini yaliyo baridi zaidi. Hewa yenye unyevu ipitapo juu ya maji hayo hugeuka ukungu, na joto la mabonde ya ndani huuvuta ukungu huo kupitia mlango wa Golden Gate kama moshi uvutwavyo na dohani. Ndiyo maana Julai joto la mchana mjini hukaa karibu na nyuzi 19, ilhali mwendo wa saa moja kwenda bara watu wanatoka jasho. Miezi ya joto San Francisco ni Septemba na Oktoba. Bahari yenyewe pale ni nyuzi 12 hadi 14, na mawimbi yake huvuta. Kwa mtu aliyezoea maji ya Silversands, kutia mguu kunatosha.

Ukipata nafasi ya kushuka San Diego, ambako maji ya Agosti hufika nyuzi 20, panda hadi Point Loma penye mnara wa kumbukumbu ya Juan Rodríguez Cabrillo, aliyefika na merikebu za Hispania mwaka 1542. Ni miaka 44 baada ya Vasco da Gama kutia nanga kwenu. Mtu aliyekulia chini ya nguzo ya Malindi atakuwa na maswali mengi ya kuwauliza walinzi wa mnara ule.

SWALI: Vipi kuhusu fedha, chakula halali na sala? Msomaji, Mkomani, Lamu.

JIBU: M-Pesa haitakusaidia dukani kule, chukua kadi ya benki na uwaarifu benki kabla ya kuondoka. Bei iliyoandikwa si utakayolipa: California huongeza kodi ya mauzo kaunta, kuanzia asilimia 7.25 na zaidi katika miji mingi, ilhali Oregon, jimbo la Portland, haina kodi hiyo kabisa. Mhudumu wa mkahawa hutarajia bakshishi ya asilimia 15 hadi 20, na hilo halihesabiwi kuwa hisani. Chakula halali kinapatikana kwa urahisi katika miji mikubwa, lakini Big Sur bebeni chenu. Los Angeles, msikiti wa King Fahad uko Culver City. Kuhusu saa za sala, anayekaa Lamu amezoea jua kutua saa kumi na mbili na ushei mwaka mzima. Mwanzoni mwa Agosti Magharibi ya Seattle huingia takriban saa mbili na dakika arubaini usiku, na Isha huchelewa mno, hivyo mkipanga kuondoka na treni ya asubuhi, laleni mchana.