Jinzi na hiyo asilimia 90: kweli au changa la macho?

SWALI: Habari za kazi kaka. Mimi nauza jinzi za mtumba hapa Mwanjelwa, huu mwaka wa saba. Juzi mdogo wangu anayesoma MUST kanionyesha kwenye simu eti Levi's, ile kampuni ya jinzi, waliahidi kupunguza hewa ukaa asilimia 90, nikamuuliza hiyo hewa ukaa suruali inaitolea wapi, akabaki tu tabianchi tabianchi. Nisaidie, suruali inatoaje moshi? Na hiyo 90 ni kweli au matangazo?
Mama Jinzi, Mbeya

JIBU: Ndaga fijo Mama Jinzi. Suruali yenyewe haitoi moshi, moshi, yaani hiyo hewa ukaa inayoipasha dunia joto, ulishatoka zamani kabla hujafungua belo. Pamba imelimwa kwa mbolea ya viwandani, ikasokotwa, ikafumwa, ikatiwa ule ubluu, na kwenye kutia rangi, kuosha na kukausha ndo pabaya maana joto jingi linahitajika, na huko China, India na Bangladesh viwanda vingi boila zao zinakula makaa ya mawe au gesi, umeme nao kwa sehemu kubwa ni wa hivyo hivyo.

Sasa hiyo ahadi. Waliitoa 2018, wakisema hadi 2025 watakuwa wameshuka wakijilinganisha na 2016, ila namba zilikuwa mbili na mdogo wako kakusomea ile tamu. 90 ni ya sehemu zao wenyewe, yaani ofisi, maghala, maduka na vile viwanda vichache wanavyomiliki. Kwa viwanda vya watu vinavyowafumia na kuwashonea, na ndiko jinzi karibu zote zinakotoka, waliahidi 40.

Chukulia mama ntilie wa pale Kabwe anakwambia jikoni kwangu nimepunguza mkaa asilimia 90, kumbe wali na maharage anapikiwa kwa jirani, yeye pale anachemsha chai tu. Hajadanganya! Lakini sufuria kubwa liko kwa jirani. Wataalamu wanapanga mafungu matatu: moshi unaoutoa mwenyewe, moshi wa umeme unaonunua, halafu moshi wa wengine wote wanaokufanyia kazi au kutumia bidhaa yako. Kwa kampuni ya nguo hilo la tatu ndo mzigo wote, hayo mawili ya kwanza ni chenji.

Kwa hiyo mimi 90 hainisisimui, ya kuuliza ni 40. Hiyo ni ngumu kwelikweli, maana kiwanda si chako, mwenye nacho anawafumia na wenzako kumi, halafu kila msimu wanunuzi hao hao wanambana ashushe bei. Hela ya kubadili boila ataitoa wapi?

Kuna kingine kilinichekesha. 2015 walipiga hesabu ya jinzi moja ya aina yao ya 501 tangu shambani mpaka inatupwa wakapata kilo 33.4 za hewa ukaa, na asilimia 37 wakasema ni ya mvaaji, kufua na kukausha. Hapo ujue wanaongelea watu wa mashine, maji moto na umeme wa kukaushia. Sisi ni beseni na maji ya Mbeya yanayokata vidole, kamba nje, na Juni hiyo jinzi siku ya pili bado mbichi kiunoni, labda pasi ya mkaa mwishoni. Fungu letu ni dogo, la kiwanda ndo linabaki vile vile. Na usiogope safari ya belo, hata semi likipanda Kitonga linaguruma vile, ukigawanya kwa kila suruali ni kidogo ukilinganisha na kilichochomwa kutengeneza kitambaa.

SWALI: Nina heka mbili za mipaini Mafinga, hizo kampuni za nguo zinaweza kuninunulia kaboni?
Mkulima, Mufindi

JIBU: Peke yako na heka mbili sahau, kupimwa na kukaguliwa tu kutakula hela yote, wanaouza kaboni, yaani wanaolipwa kwa hewa ukaa inayofyonzwa na miti yao, huwa wanaungana wengi. Halafu kampuni ikishapitishiwa malengo na SBTi, wale wanaokagua ahadi za namna hii, miti ya kununua haihesabiwi kama imepunguza moshi wake. Na wewe ndugu yangu si umepanda mbao? Ukishavuna ukachoma matawi, kaboni gani tena utamuuzia mtu?