Kabla ya Kugusa Vigezo, Pimeni Kelele

Wadogo zangu wa kitengo cha redio, nimesoma ripoti nyingine iliyofungwa kwa maneno "RSRP ni nzuri, tatizo ni simu ya mteja" (RSRP ni nguvu ya ishara ya mnara inavyopokewa na simu), na nimeona afadhali niandike kuliko kugomba. Ninyi ni hodari, na mnapanda usiku minara ambayo sisi tuliisingizia mvua ili tusiiendee, ingawa tulijua vizuri kwamba mvua huumiza viungo vya mikrowevu, vile vinavyounganisha mnara na mnara, na wala si megahezi 900 zinazotumiwa na simu. Hata hivyo, makosa mnayoyafanya ni yale yale ya enzi za 2G, ila sasa yana grafu za rangi.

Kwanza, RSRP haikuambii kama mnara unamsikia mteja. Mnara una makumi ya wati na simu ina miliwati 200, kwa hiyo mteja anaweza kuona vijiti vyote vya mtandao vimejaa na pesa anazotuma kwa simu zikagoma kuondoka, kwa sababu njia ya kupanda, ile ya kutoka simu kwenda mnara, imejaa kelele, yaani mawimbi ya redio yasiyotakiwa. Kwa resosi bloku moja ya kilohezi 180, yaani kipande kidogo cha masafa anachogawiwa mteja, kelele ya asili ni takriban -121 dBm (kipimo cha nguvu ya ishara) kabla ya kuongeza ile ya kipokezi chenyewe. Ukikuta -100 dBm, ambayo ni kelele kubwa zaidi, saa tisa za usiku, wakati mji mzima umelala, usiniletee hadithi ya msongamano.

Pili, msitibu kelele kwa kuongeza nguvu. Hili nitalieleza kwa kirefu, kwa sababu mkono ulioandika amri ile ulikuwa wangu.

Seli moja ya LTE (4G) upande wa Busia ya Uganda ilikuwa ikikata mawasiliano mchana. Kikao kikaamua kwamba mkosaji yuko ng'ambo ya mpaka, na katika mji ambao ukivuka geti tu umeingia Kenya, lawama hiyo ilikuwa tamu na haikudai ushahidi. Tukiwa tunasubiri barua zijibiwe, nilipandisha P0, kigezo cha nguvu ambayo mnara unataka kuipokea kutoka kwa simu, ili simu zitume kwa nguvu zaidi. Takwimu zikapendeza na nikapongezwa. Nilichosahau ni kwamba seli jirani zinatumia masafa yale yale, hivyo kila simu niliyoiamuru ipaze sauti kwetu ilikuwa ikiwapigia kelele wao pia. Mwenzangu aliyesimamia seli hizo akaona kelele imepanda, naye akapandisha P0 yake, nami nikaongeza tena, hadi tukawa kama wapiga debe wa stendi moja wanaogombea abiria yule yule. Simu zikafika kikomo cha 23 dBm, betri zikaisha mapema, na wateja wa pembezoni, ambao hawakuwa na nguvu ya akiba, wakapotea hewani kabisa. Badala ya kusimama, nikafupisha pia muda wa kusubiri kabla ya seli kukabidhiana simu, na simu zikaanza kurukaruka kati ya seli mbili bila kutulia.

Aliyetuokoa ni fundi wa jenereta, mtu ambaye hatukuwahi kumwalika kwenye kikao. Aliniuliza, "Mzee, mbona umeme ukikatika hamlalamiki?" Nilikuwa nikitazama wastani wa siku nzima, ambao huficha kila kitu. Nilipofungua kaunta, yaani takwimu za seli, za kila dakika 15 nikaona kwamba umeme wa mji ulipokatika na mnara ukabaki kwenye betri, kelele ilishuka hadi kawaida, na uliporudi, kelele nayo ilirudi. Chanzo kilikuwa karibu, na kilikuwa kimechomekwa ukutani.

Tulitembea na kichanganuzi cha masafa na antena ya mwelekeo hadi kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Juu ya paa palikuwa na busta, kifaa cha kukuza ishara ya simu, antena yake ya nje na ya ndani zikiwa zimetenganishwa na bati moja tu, kwa hiyo kifaa kilikuwa kinajisikia chenyewe na kuvuma hewani mchana kutwa. Mwenye duka alisema, "Mwanangu, nilinunua kwa sababu mtandao wenu ni mbovu." Tulimweleza kwamba kifaa cha namna hiyo kinahitaji idhini ya Tume ya Mawasiliano ya Uganda, akakizima tukiwa bado kwenye ngazi. Lakini sikuweza kumkatalia kwamba ndani ya duka lake la mabati ishara haikufika, na kumfikishia ilikuwa kazi yetu. Kisha tukataka kurudisha P0 mahali pake, tukagundua kwamba hakuna aliyeandika thamani ya awali.

Tatu, kwa hiyo, andikeni thamani ya zamani kabla ya kuingiza mpya.

Nne, kazeni konekta, viungio vya nyaya za antena, kwa spana ya kipimo, msikadirie kwa mkono. Megahezi 935 na 960 zikikutana kwenye bolti yenye kutu huzaa 910 (mara mbili ya 935 ukitoa 960), ambayo inaangukia ndani ya njia yenu ya kupanda, na kelele ya namna hiyo hupanda pale seli yenyewe inapotuma sana. Kabla ya kumtafuta mvamizi mtaani, panda mnara wako.

Tano, kwa walio Entebbe na Kalangala wenye seli za LTE TDD, ambazo hutuma na kupokea kwa zamu kwenye masafa yale yale: hewa ikitulia juu ya ziwa, mawimbi husafiri mbali kuliko ramani yenu inavyodai. Kila simbo moja (kipande kidogo cha muda) ya muda wa kinga, ule mwanya kati ya kutuma na kupokea, inawalinda dhidi ya mawimbi ya minara ya mbali kwa kilomita 21 hivi tu, basi pigeni hesabu.

Sita ni Namugongo, kwenye hija ya Mashahidi wa Uganda. Mahujaji hujaa siku kadhaa kabla ya 3 Juni, na kelele itapanda bila busta wala kutu, kwa wingi wa simu tu. Minara ya muda, mwinamo wa antena na orodha ya seli jirani vikamilike Mei. Atakayepata wazo zuri la kigezo asubuhi ya siku yenyewe akae nalo hadi tarehe 4.